Kikombe cha Chini ya Sinki

Nimekosa. Naanza hapo ili usije ukasoma hadi katikati ukadhani nitajitetea. Kosa langu si kubwa kwa kimo. Linaenea kiganjani, lina mkono mmoja wa kushikia na ukingo wa buluu. Ni kikombe cha bati. Kiko hapa mezani ninapoandika.

Jina langu sitalitaja. Yatosha ujue kwamba mimi ni Mhindi wa Mombasa, sasa mzee wa Landani, na kwamba Kiswahili nilikipata mgongoni kwa yaya kabla sijakijua Kikachi cha mama yangu. Ndiyo maana ungamo hili limekataa kuandikika kwa lugha nyingine. Kosa la jikoni huungamwa kwa lugha ya jikoni.

Yaya wangu aliitwa Mwanasiti. Alinilea mimi, nami nilipoolewa akanifuata, akamlea binti yangu Zarina. Miaka yote hiyo alinywa chai kwa kikombe hiki. Hakikuwekwa kabatini pamoja na vyetu. Kilikaa chini ya sinki, karibu na sabuni na tambara la kudekia. Hakuna aliyewahi kunieleza kwa nini. Nilikua nikijua tu, kama unavyojua mlango wa kwenu unafungukia upande gani.

Tuliondoka Mombasa msimu ule Wahindi wengi walipokimbilia ndege za Landani kabla sheria mpya ya Uingereza haijatufungia mlango usoni. Wakati wa kufunga mizigo nilitafuta kitu kigumu cha kukinga kichupa cha achari cha mama. Nikainama chini ya sinki, nikachukua kikombe cha Mwanasiti, nikakitumbukiza kichupa ndani yake. Mwenyewe alikuwa amesimama nyuma yangu. Alinisaidia kukizungushia gazeti.

Tulipanga nyumba Barking, nyembamba, yenye baridi hata ndani ya mito ya kulalia. Mimi niliyekuwa na mpishi na yaya, nikawa nasimama kutwa kwenye mashine ya kufunga biskuti. Msimamizi alishindwa kutamka jina langu, akaniita Mary. Jirani wa kushoto alihamisha kamba yake ya nguo ili mashuka yake yasipepee karibu na yetu. Nilimeza. Nilimeza mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kumbe nilikuwa simezi, nilikuwa naweka akiba.

Zarina alipofika miaka saba nilipata kazi ya karani, na saa za kumchukua shuleni zikanishinda. Ndipo mwenzangu mmoja ofisini akanitajia habari za opea.

Mama wa Kizungu pale kwa wakala alinieleza polepole, kama anayemfundisha mtoto kusoma. Opea si mtumishi. Ni msichana wa nchi nyingine anayekaa na familia ili ajifunze Kiingereza. Atamchukua mtoto shuleni, atapangusa vumbi, atakunja nguo, basi. Atakula nanyi meza moja. Alasiri mbili kwa wiki ataenda darasani. Hata neno lenyewe, akasema, ni la Kifaransa, na maana yake ni sawa kwa sawa.

Niliitikia kwa kichwa kila sentensi. Lakini masikio yangu yalibeba neno moja tu mpaka nyumbani. Yaya. Tena yaya mzungu!

Jioni ile ile nilimwandikia dada yangu Mombasa, na habari hiyo niliitia mstari wa kwanza, kabla hata ya salamu.

Mume wangu alinionya. Alikuwa mtu wa maneno machache, tena aliyasema akiwa nyuma ya gazeti.

"Huyo ni mtoto wa watu, Mama Zarina. Usije ukamfanya Mwanasiti."

"Mwanasiti hakuwahi kulalamika."

"Hakuwahi kuulizwa," akasema, akafunua ukurasa.

Msichana akaja. Aliitwa Pilar, miaka kumi na tisa, kutoka kijiji cha milimani huko Uhispania. Alikuja na kamusi aliyoijalidi kwa karatasi ya ukutani, na tini zilizokaushwa ambazo Zarina alizimaliza siku hiyo hiyo. Jina lake tulilikata likawa Pili. Wageni walicheka, wakasema kumbe mzungu wenu Mswahili. Nami nilicheka, lakini maana niliyoitia mimi niliijua peke yangu. Wa kwanza alibaki Mombasa. Huyu ndiye wa pili.

Wiki ile ya kwanza, tukimenya vitunguu, alinisimulia habari za mama yake. Kiingereza chake kilikuwa kidogo, akakijaliza kwa mikono. Mama yake alianza kufua nguo katika nyumba ya matajiri akiwa na miaka kumi. Alikula ngazini, baada ya wenye nyumba kula. Alipomzaa Pilar aliapa kwamba mtoto huyu hatakuwa mtumishi wa mtu, hata kwa siku moja. Kwa hiyo barua ya wakala ilipofika, aliipeleka kwa padri aisome. Padri akasoma. Mama akamwomba aisome tena, atafute vizuri, neno mtumishi limejificha wapi. Padri akasema halimo. Ndipo akamruhusu binti yake apande treni.

Basi nilijua. Tafadhali usiipite sentensi hiyo haraka. Nilijua.

Na chai ya siku hiyo hiyo, nilipotaka kummiminia, mkono wangu ulikwenda wenyewe. Haukwenda kabatini. Ulikwenda chini ya sinki.

Naapa sikuwaza. Hilo ndilo linaloniumiza zaidi hata leo. Ubaya ambao mtu anauwaza anaweza kuusahihisha. Huu ulikuwa umeshakuwa kiungo cha mwili.

Pilar alikipokea kikombe, akakigeuza, akakitazama ukingo. Uso ukamchanua. Kwao bibi yake alikuwa nacho kama hicho hicho! Aliniuliza kwa ishara kama ni chake. Nikamwambia ndiyo, chako peke yako. Akakikumbatia kifuani, na moto wake wote.

Jamani, hakuelewa. Alidhani ni zawadi.

Kila asubuhi nilikikuta kabatini, kimekaa katikati ya vikombe vyangu vya kaure vyenye maua. Kila asubuhi nilikishusha chini ya sinki, kimya kimya. Miezi ilipita tukicheza mchezo huo, mmoja akipandisha, mmoja akishusha. Siku moja alinikuta nakishusha. Akacheka, akanishukuru! Alidhani nakificha ili Zarina asije akakiangusha.

Kisha akachukua rangi yangu ya kucha, nyekundu, akaandika ubavuni mwa kikombe kwa herufi kubwa: PILI.

Madarasa yake? Alasiri ya kwanza nilikuwa na mgeni. Ya pili Zarina alikuwa na mafua. Ya tatu sikumbuki nilisingizia nini. Alipouliza kitu kinaitwaje, nilimjibu kwa lugha iliyokuwa karibu na ulimi wangu, nayo ni ile niliyozoea kusemea na watu wa jikoni. Msichana aliyevuka bahari kutafuta Kiingereza akawa anajua sufuria, mwiko, chujio, lete, toa, pangusa.

Jumapili nilialika watu. Sikuwaambia njooni mmwone yaya mzungu. Niliwaambia njooni tunywe chai, na chai ililetwa na yeye, kwa sinia, nywele zake za rangi ya asali zimefungwa kitambaa nilichomchagulia. Wageni walitazamana. Mmoja aliwahi kuninong'oneza, "Dada, umelipiza." Ee Mola, utamu wa neno lile! Sikujiuliza nimelipiza kwa nani. Msimamizi wa biskuti hakuwepo pale. Jirani mwenye kamba ya nguo hakuwepo. Alikuwepo mtoto wa dobi, ananiuliza kwa macho kama sukari imetosha.

Yeye alikula jikoni baada yetu. Nilimwambia ni ili apumzike na kelele zetu. Alinishukuru kwa hilo pia. Zarina alikuwa akichukua sahani yake na kwenda kukaa naye huko. Nilimgombeza, naye alinijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba jikoni ndiko kuna hadithi.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe.

Binamu yake Pilar alikuwa dereva wa lori la machungwa, kutoka kwao hadi sokoni Landani. Msimu wa machungwa mama yake Pilar akaomba lifti. Alikaa siku tatu mbele ya lori lile, mwanamke ambaye hajawahi kutoka wilayani kwao, ili aje amwone binti yake na ile familia ambayo, kwa mujibu wa barua, inamlea kama mtoto wao.

Alifika Jumapili. Wifi yangu alikuwepo, dada wa mume wangu, mwanamke mzuri wa moyo lakini mdomo hauna pazia. Mama wa Pilar aliingia amevaa nyeusi tupu, ameshika mfuko wa machungwa kwa mikono miwili. Nikaiona ile mikono. Ilikuwa myekundu hadi viwikoni na vidole vimepinda, mikono iliyofua maisha mazima. Alinishika uso kwa mikono hiyo, akanibusu mashavu yote mawili. Nilimkalisha kwenye kochi kubwa. Siku hiyo hata Pilar nilimwambia akae nasi. Nilijua kutenda haki nilipotazamwa.

Lakini Pilar hakukaa. Alitaka kumwonyesha mama yake kwamba hapa ni kwake, kwamba ana haki ya kukirimu wageni. Akaenda jikoni, akarudi na sinia. Vikombe vya kaure kwa sisi wengine, na kwa wifi yangu, aliye mkubwa wetu sote, akatoa kitu kilicho bora kuliko vyote alivyokuwa navyo nyumbani mle. Alimpa kikombe chake. Alimpa kwa mikono miwili.

Wifi alikitazama. Akautazama ukingo wa buluu. Ni mtu wa Mombasa, hakuhitaji kuelezwa.

"Loo, Mama Zarina," akasema kwa Kiswahili, huku anakisukuma mbali na magoti yake. "Leo nanyweshwa kikombe cha boi?"

Pilar alikuwa na Kiingereza kidogo, lakini neno boy alilijua. Alidhani ni mzaha. Akacheka, akajibu kwa Kiswahili chake cha jikoni, amefurahi kwamba amefahamu:

"Mimi si boi. Mimi msichana!"

Hakuna aliyecheka. Mume wangu aliinamisha kichwa. Kicheko cha Pilar kilibaki peke yake sebuleni, kama mtu aliyeingia mlango usio wake. Akatugeukia mmoja mmoja, kisha akamgeukia mtu pekee aliyemwamini amfafanulie.

Zarina alifafanua. Alifanya hivyo kwa Kiingereza cha polepole, kile walichofundishwa shuleni kumsemesha mgeni, na kwa fahari ya mtoto anayelijua jibu.

"Boi si mvulana. Ni mtumishi. Hicho ni kikombe cha mtumishi, ili mdomo wake usiguse vikombe vyetu. Zamani kilikuwa cha Mwanasiti. Sasa ni chako."

Hakuyatunga. Ni maneno yangu mwenyewe, aliyoyaokota siku niliyokuwa nikimsimulia mgeni, neno kwa neno, na kicheko changu tu ndicho alichokiacha.



Rangi ilimtoka Pilar usoni. Alikitazama kikombe, akalitazama lile jina jekundu alilojiandikia. Niliona miezi yote ikipita machoni pake, kabati na sinki, sinki na kabati, na mimi nikishukuriwa.

Mama yake akauliza kitu kwa Kihispania. Alikuwa ameona nyuso zetu. Wafuaji wa nguo za watu husoma nyuso upesi. Aliuliza tena, na sauti ilikuwa imeshuka.

Mtoto yule angeweza kunimaliza pale pale. Sentensi moja ingetosha. Badala yake aliinama kwa mama yake, akamweleza kitu kirefu, taratibu, huku akitabasamu. Aliitafuta kila pembe ya tabasamu lile kwa nguvu, nikaona mshipa wa shingo unavyompiga. Na uso wa mama ukafunguka! Akanyoosha mkono ule mwekundu, akakichukua kikombe cha bati, akanywa chai yote, pole pole, hadi tone la mwisho. Kisha akanishika mkono wangu, akauweka shavuni pake.

Siku iliyofuata mama aliondoka na lori. Pilar aliniambia naye ataondoka Ijumaa. Aliniambia akiwa anakunja nguo za Zarina, na hakuacha kukunja.

Nikamuuliza alimwambia nini mama yake.

"Nimesema mgeni anasema kikombe hiki cha mtu mkubwa wa nyumba," alijibu kwa kile Kiswahili nilichompa. "Yeye haruhusiwi kunywa."

"Pili, mwanangu, haikuwa nia yangu—"

"Pilar," akasema.

Alimaliza kukunja, akapanga nguo droo kwa droo. Kabla hajatoka chumbani alisimama mlangoni, akaniomba jambo moja. Mama yake akiandika barua, nisimjibu. Asije akasoma chochote katikati ya mistari yangu.

Ijumaa aliondoka wakati niko kazini. Kitanda kilikuwa kimetandikwa, kamusi haipo. Nilitafuta kikombe kabatini, kwa sababu hata mimi nilikuwa nimezoea kukikuta huko. Hakikuwepo. Niliinama. Kilikuwa chini ya sinki, kimeoshwa, kimefudikizwa vizuri kabisa mahali pake. Lile jina lilikuwa limekwanguliwa lote. Alikuwa ametumia kisu, maana bati lilichubuka pale lilipokuwepo.

Niliketi sakafuni na koti langu la ofisini, karibu na sabuni na tambara, nikalia kama mtoto wa nyumba aliyefungiwa nje.

Ndugu yangu, adhabu haikuja kwa kishindo. Ilikuja kwa posta. Kila Krismasi ilifika barua kutoka kijiji kile, imeandikwa na padri kwa Kiingereza cha vitabuni, mama ananishukuru kwa kumtunza binti yake kama mtoto wangu. Anasema amewaambia majirani kwamba Landani binti yake alikuwa na kikombe cha heshima, na yeye mwenyewe amekinywea. Zilikuja miaka mingi. Niliahidi kutojibu, sikujibu. Hujui uzito wa shukrani usiyostahili mpaka ikujie kila mwaka ikiwa na stempu. Kisha mwaka mmoja haikuja, na uliofuata haikuja, nikaelewa. Ya Pilar mwenyewe sijapata hata moja.

Zarina hakulia siku ile. Alimtafuta Pilar nyumba nzima, akarudi, akaniuliza kama ni yeye aliyemfukuza kwa maneno yake. Nilimwambia si yeye. Nilipaswa kuongeza, ni mimi. Sikuongeza. Nilimwachia mtoto wa miaka saba ajibebee lawama ile.

Alichofanya ni kuchukua kikombe kile chini ya sinki na kukinywea. Alikinywea maziwa, maji, chai, miaka yote aliyokaa kwangu. Nikimpa cha kaure alikipitisha pembeni bila neno. Sasa ni mwanamke wa makamo, anaishi mbali, huja mara chache. Akija hunywa chai amesimama jikoni, kwa kikombe kile kile, kidole gumba kimelalia pale palipokwanguliwa. Hatujawahi kulizungumza.

Na kuna jambo lililonichukua muda mrefu zaidi kuliona. Kwa Pilar niliona haya kwa sababu mama yake alikuja, akakaa kwenye kochi langu. Mwanasiti je? Naye alikuwa na mama. Hakuna lori lililomleta mlangoni kwetu. Mwanasiti alinibeba mgongoni, akanifundisha maneno haya haya ninayoungama nayo, na siku ya kuondoka nikamchukulia kikombe chake mbele ya macho yake, nikakitia achari. Nilipomwandikia dada yangu amtafute, alinijibu kwamba Mwanasiti ameshazikwa, na kwamba yeye hakuwa na habari mpaka alipouliza. Yule ndiye wa kwanza. Nimemlilia wa pili miaka mingi kabla sijamlilia yeye.

Siku hizi miguu imekataa, na kuna binti anakuja asubuhi kunisaidia kuoga na kuvaa. Anatoka Unguja, anakaa Woolwich, anabadilisha mabasi matatu kunifikia. Wiki ya kwanza nilijikokota hadi kabatini, nikamtolea kikombe kizuri kuliko vyote, chenye maua na ukingo wa dhahabu. Alitabasamu. Akafungua mkoba wake, akatoa chupa ya chai na kikombe chake cha plastiki.

"Nimezoea changu, bibi," akasema. "Nyumba nyingine ukigusa vyao wanaosha mara tatu. Bora mtu uje na chako."

Nilimwambia hapa kwangu si hivyo. Akasema anajua, bibi, anajua, kwa ile sauti ya kumbembeleza mgonjwa. Akanywa kwa kikombe chake, akakiosha, akakirudisha mkobani. Kila siku namtolea changu. Kila siku anarudisha kabatini.

Basi wewe unayejiandaa kumkaribisha mtoto wa watu, awe wa nchi gani, umwite yaya, dada, msaidizi au opea, sikiliza mzee aliyeharibu. Usijidanganye kwa maneno matamu uliyomwambia wakala. Usiuulize moyo wako kama ni mwema, wangu uliniambia ni mwema kila siku. Kabla hajafika, piga magoti jikoni kwako, fungua ule mlango mdogo wa chini ya sinki, utazame kilichomo.